Fisi wa Kidato cha Pili

Riwaya yenyewe ilikuwa nyembamba, yenye jalada la kijani, na juu ya jalada palichorwa fisi ambaye nadhani mchoraji hakuwahi kumwona. Alimpa mkia wa mbwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya maabara. Ni kitabu cha zamani cha watoto. Mama yangu alikisoma, mimi nikakisoma, na kwa kuwa kilikuwa kwenye orodha nikakifundisha Kidato cha Pili, katika shule ya kata iliyo kwenye barabara ya vumbi itokayo Kahama kuelekea machimbo ya Geita. Tulikuwa na nakala tatu kwa wanafunzi sitini. Nakala moja haikuwa na sura ya nne, ambayo kwa bahati nzuri haina lolote.

Kwa wasioijua hadithi, ni hivi. Fisi jike anayechechemea anaishi karibu na kijiji. Mbuzi wanapotea, na kijiji kizima kinamlaumu yeye. Msomaji anaonyeshwa mapema kwamba mwizi ni mjomba wa mtoto anayechunga, ambaye huwapeleka mbuzi mnadani wakiwa wazima na wenye afya. Mwishoni watu wanamfukuza fisi kwa mikuki na mbwa mpaka ng'ambo ya mto, wanapiga ngoma, na wiki inayofuata mbuzi wengine wawili wanapotea. Kitabu kinaishia hapo. Nilipokisoma utotoni, Kolandoto, nilimlilia yule fisi, na dada yangu akanifinya kwa sababu hakuna mtoto wa Kisukuma anayemlilia fisi mbele za watu.

Kuhakiki riwaya shuleni ni kazi ya buchani. Kuna dhamira kuu na dhamira ndogondogo, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kufaulu kwa mwandishi na kutofaulu kwake, na kila kipande kina ndoano yake. Mwanafunzi akisema kitabu kimemhuzunisha hapati alama, kwa kuwa huzuni si kipengele. Mimi nilikuwa na shahada ya kazi hiyo na nilijiona. Mwaka ule ulikuwa wangu wa tatu pale kijijini na nilikuwa bado naamini kwamba mtoto akivuka mlango wa darasa huacha nje yale yote aliyokuja nayo, pamoja na fimbo ya kuchungia.

Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wafugaji na watoto wa wachimbaji. Walijua mambo. Waligundua siku ya kwanza kwamba mwandishi amemfanya mbuzi azae mwezi wa nne na tena mwezi wa sita, wakataka tuandike kwenye kutofaulu kwa mwandishi. Tukaandika. Kisha kijana mmoja wa nyuma, ambaye kabla ya kuja shule alikuwa ameshafanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe na kwa hiyo alikuwa mkubwa kuliko walimu wawili, akanyoosha mkono.

"Madam, huyu fisi ni wa nani?"

Lazima nieleze, maana huenda msomaji anatoka mahali ambapo fisi ni fisi tu. Kwetu fisi, mbiti kwa Kisukuma, ana mwenyewe. Wapo wa porini, lakini anayezoea kijiji anafugwa na mtu, na mtu huyo kwa kawaida ni mwanamke mzee, mjane, asiye na ng'ombe wengi. Anampanda usiku anakwenda Mwanza na kurudi kabla ya alfajiri, bila kusimama kwenye mizani. Fisi akipigwa mguu, mwenyewe huamka na mguu unauma. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma, na ndiyo sababu nilipaswa kulisikiliza lile swali. Badala yake nilijibu kwa sauti ya shahada yangu.

"Hana mwenyewe. Ni mnyama wa porini."

Darasa zima likanitazama kwa huruma.

"Basi mwandishi hajamaliza kitabu," kijana akasema, akakaa.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, nyuma ya josho la ng'ombe. Alikuwa na ng'ombe wanne, mjukuu mmoja wa kike aliyekuwa mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, na mguu wa kushoto uliovunjika zamani alipoanguka kwenye mkokoteni, ukaungwa vibaya. Alichechemea. Alipika kwa samadi iliyokaushwa, kama wengi kule ambako kuni ni hadithi za wazee, na moshi wake ulikuwa umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Mimi nilipika jiko hilohilo. Kufikia mwaka wa tatu nikijitazama kwenye kioo niliona macho yangu nayo yameanza.

Nilimpenda. Alinicheka Kisukuma changu, akisema ni cha kwenye kopo, kimenunuliwa dukani Shinyanga mjini. Asubuhi akisikia mlango wangu alinisalimu "Mwangaluka!" kwa sauti ya kunistua makusudi. Alikuwa na mtindi mzuri kuliko wote niliowahi kunywa, kwenye kibuyu chenye harufu ya moshi, na zamani majirani waliokuwa wakipita kutoka kisimani walizoea kuingia kunywa. Mwaka ule wakaanza kusema wameshiba. Walisimama langoni, wakasalimia vizuri kabisa, wakasema wameshiba, wakaenda. Mimi nilichogundua ni kwamba mtindi unabaki mwingi zaidi kwa ajili yangu.

Jioni nilimsomea ile riwaya. Mimi nilisoma Kiswahili, mjukuu akatafsiri, bibi akachambua karanga. Hakusema neno mpaka mwisho, fisi alipovuka mto.

"Huyo ana bahati," alisema. "Ana mto wa kuvuka."

Nilidhani ni uhakiki. Niliuandika kwenye daftari langu la maandalio ya masomo.

Mwezi huohuo fisi alionekana karibu na josho, jioni kabla ya giza, na waliomwona walimpiga jiwe, wakasema anachechemea. Mbuzi wawili walipotea. Niliambiwa habari hizo nikiwa nasahihisha, nikasema pole, nikaendelea kusahihisha.

Sasa, ndoo. Nilikuwa nimetoka semina ya siku mbili Kahama kuhusu mbinu shirikishi za ufundishaji. Mwezeshaji alitufundisha kwamba mwanafunzi haongei kwa sababu anaogopa, na akiondolewa woga ataongea. Njia ni kumpa karatasi ndogo, aandike maoni yake bila jina, aikunje, aitumbukize kwenye chombo. Walimu tulifanya zoezi hilo kwa kutumia kofia ya mtu. Nililipenda sana. Nilirudi kijijini nimejaa mbinu shirikishi mpaka kooni.

Ambacho mwezeshaji hakukijua, na mimi nilikijua lakini sikukikumbuka, ni kwamba kijiji kile kilikuwa tayari kinashirikisha. Pikipiki zilipoibwa mwaka uliotangulia, sungusungu, wale walinzi wa jadi, waliitisha mkutano na kupigisha kura ya siri. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko iliwekwa mezani mbele ya ofisi ya kijiji. Kila mtu mzima alipewa kipande cha karatasi, akaandika anayemshuku bila kuandika jina lake mwenyewe, akakunja, akatumbukiza. Wasiojua kuandika walinong'ona kwa katibu. Mimi pia nilipiga. Nilitumbukiza karatasi tupu na kujiona mwerevu. Aliyepata kura nyingi aliondoka siku hiyohiyo na familia yake, na nyumba yake mpaka leo haina paa. Sijui kama aliiba. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kura zilikuwa zimehesabiwa.

Jumanne, kipindi cha tatu, niliingia Kidato cha Pili na ndoo ya kunawia mikono ya shule. Ilikuwa ya plastiki na ilikuwa na mfuniko. Niliandika ubaoni, kwa herufi kubwa: KATIKA RIWAYA HII, NANI ANASTAHILI LAWAMA KWA KUPOTEA KWA MBUZI? Niligawa karatasi. Nikasema msiandike majina yenu, andikeni mnachokiamini kweli, hakuna atakayejua.

Sijawahi kupata darasa lenye utulivu namna ile. Waliandika wakiwa wamekinga karatasi kwa viwiko. Walikuja mbele mmojammoja bila kusukumana, wakatumbukiza, wakarudi wakitazama chini. Kijana wa karasha alishikilia karatasi yake juu ya ndoo muda mrefu kidogo kabla ya kuiachia. Nilikuwa na furaha. Nilijiambia kwamba hatimaye fasihi imewaingia.

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Madam, matokeo yatatangazwa hapa au kwa mtendaji wa kijiji?"

Nikacheka. Hakucheka.

"Hapa hapa," nikasema. "Kesho."

Ubao ulisema wazi kabisa katika riwaya hii. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini kwenye kura hakuna anayesoma swali; watu wanajua wameitiwa nini.

Nilizifungua saa nane mchana, ofisi ya walimu ikiwa tupu, nikiwa na chai. Ya kwanza ilikuwa na jina la mama mwenye nyumba wangu. Nikadhani ni utani wa kijana fulani, nikaweka pembeni. Ya pili ilikuwa naye. Ya tatu, mwandishi wake aliogopa kutaja jina, akaandika "bibi anayekaa na madam." Ndivyo na mimi nilivyoingia kwenye suala hilo, kama anwani.

Karatasi zilikuwa hamsini na nane. Tisa zilisema fisi. Tatu zilisema mjomba wa mchungaji, ambalo ndilo jibu, na ambazo katika hali ya kawaida zingenisikitisha kwa uchache wake. Mbili zilikuwa tupu, za werevu kama mimi. Arobaini na tatu zilimtaja bibi. Wengine walitoa na sababu, kama nilivyowafundisha, hoja na ushahidi: mguu wake unauma tangu fisi alipopigwa jiwe, macho yake mekundu, mtindi wake hauishi. Mmoja alitumia neno kwa kuhitimisha. Nilisoma zote, na sitasema kwamba nilikuwa na hasira au huzuni, nilikuwa na woga mtupu. Nilikuwa nimeitisha kura. Mimi, mtumishi wa umma, kwa ndoo ya serikali, nilikuwa nimekusanya kutoka kila nyumba ya kijiji kile jina la mwanamke mmoja, na watoto sitini walikuwa wanaelekea nyumbani kusubiri matokeo.

Ya mwisho iliandikwa kwa wino wa zambarau. Ilikuwa na neno moja: Madam.

Kalamu ya zambarau darasani ilikuwa moja. Niliinunua mwenyewe Kahama, nikampa mjukuu wa bibi alipoongoza kwenye imla. Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu kuliko zile arobaini na tatu. Mtoto niliyemsaidia hesabu kila jioni, niliyemsuka nywele Jumapili, alikuwa ameangalia nyumba yao, akahesabu waliomo, akaona kwamba ikiwa lazima atajwe mtu basi awe mpangaji. Iliniuma sana. Baada ya kuniuma niliona kwamba katika darasa zima ni yeye peke yake aliyefanya jambo la maana.

Nilizibeba nyumbani ndani ya begi. Bibi alikuwa ameketi jikoni, na maharage yalikuwa bado hayajainjikwa. Nikasema leo nitapika mimi. Nikawasha moto kwa karatasi, mojamoja, nikihakikisha kila moja imekuwa jivu kabla ya kuongeza nyingine.

"Leo unapikia daftari?" bibi akauliza.

"Zimejaa makosa," nikasema.

Mjukuu alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliangalia moto, akaniangalia, akaweka ndoo chini, akaenda kufunga ndama.

Kuchoma hakukusaidia, na nilijua. Kura ikishapigwa, karatasi si kitu. Kilichobaki ni jina, na jina lisipotangazwa watu watalitangaza wenyewe. Kesho yake saa mbili asubuhi, kabla sijafika darasani, niliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Kamanda wa sungusungu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia magotini, na wazee wawili wamesimama nyuma yake. Mkuu wa shule alikuwa anapanga upya kalamu zake mezani.

"Shikamoo," nikamwambia kamanda. Alikuwa na umri wa baba yangu.

"Marahaba, mwalimu. Hujambo? Darasani hawajambo? Umeamka salama?" Alimaliza salamu zote kwa ukamilifu, kisha akasema, "Tumesikia kura imepigwa."

"Lilikuwa zoezi la riwaya, baba."

"Ndiyo. Tunashukuru sana. Sisi tulikuwa tunajipanga kuiitisha mwezi ujao, ninyi mmetusaidia. Na watoto ni wazuri kwa kura, hawana visasi."

Mkuu wa shule akasema kwamba kwa mujibu wa taratibu kura haziruhusiwi katika eneo la shule, na kwamba ile ndoo ni ya kunawia. Kamanda alitikisa kichwa kwa heshima mpaka akamaliza.

"Karatasi ziko wapi?" akaniuliza.

"Nimezipikia maharage."

Wazee wakatazamana. Kamanda alifikiri kidogo. "Si neno. Ulizihesabu?"

"Nilizihesabu."

"Basi wewe ni katibu. Tutajie tu aliyeongoza."

Ningependa kuandika kwamba nilitoa hotuba. Nilikuwa nayo; nilikuwa nimeiandaa usiku kucha kitandani, ina dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Kamanda angeisikiliza yote kwa heshima ileile, kisha angeniuliza tena aliyeongoza. Ningesema fisi, asingeniamini. Ningesema mjomba wa mchungaji, angeuliza ni mjomba yupi, na kijiji kile kilikuwa na wajomba wengi na wachungaji wengi. Nikawaza ile karatasi ya zambarau. Nikawaza kwamba kila mtoto anaijua kura yake mwenyewe tu.

"Mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyeongoza. Kura nyingi zimeniangukia mimi."

Mkuu wa shule aliangusha kalamu. Kamanda alinitazama usoni, na nikaona anatazama macho yangu, yale yaliyokuwa yameanza, na kwa mara ya kwanza niliushukuru moshi wa samadi.

"Mtumishi wa serikali," akasema hatimaye, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Ndiyo, baba."

Walikuwa na utaratibu kwa mkazi, na utaratibu kwa mgeni mchimbaji. Kwa mwalimu mwenye namba ya ajira hawakuwa nao. Kamanda alitoa daftari mfukoni, akaandika taratibu, akaniuliza jina langu linavyoandikwa, nikamtajia herufi kwa herufi. Kisha akasimama, akaniaga vizuri, akatoka akipita mbali kidogo na kiti changu.

Matokeo nikayatangaza darasani pia, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Niliwaona wakigeukiana. Kila mmoja alikuwa ameandika lake akidhani yuko na wengi, na sasa kila mmoja aliona alikuwa peke yake, na wengine wote walijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kijana wa karasha alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyechimba duara moja la machimboni miezi sita na kuambiwa dhahabu iko kwenye la jirani. Mjukuu wa bibi aliinamisha kichwa kwenye dawati. Nikasema tufungue vitabu, leo ni mandhari.

Wiki zilizofuata nilijifunza namna anavyoishi mwenye fisi. Kisimani wanawake walinipisha nichote kwanza. Muuza nyanya alinijazia mpaka nikamwambia inatosha, na hakunitazama. Kelele darasani ziliisha kabisa; ningetaka kuwa mwalimu wa nidhamu ungekuwa wakati wangu. Mkuu wa shule aliacha kunipanga zamu za Jumamosi. Niliogopa pia. Niliegemeza kitanda kwenye mlango, na nikisikia sauti za watu njiani nilizima taa. Bibi anaishi hivi tangu mwanzo wa mwaka, nilijiambia, tena hana namba ya ajira.

Bibi alizipata habari kutoka kwa jirani, langoni, kwa jirani aliyeshiba. Akaja mpaka chumbani kwangu akichechemea.

"Ati wamekutaja wewe?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika ubavu, akakaa kwenye kitanda changu. "Wewe! Hata ng'ombe hujui kukamua, utamuweza fisi?"

Nami nikacheka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama muda mrefu, macho mekundu kwa macho mekundu. Alikuwa mwanamke mwerevu na alikuwepo siku ya maharage.

"Wabeja, mayu," alisema. Asante, mama. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, wala hakusema asante ya nini, akaondoka kwenda kukamua.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya muhula kuisha. Ilisema nahamishwa kwa manufaa ya umma, na nadhani hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyowahi kuipata kutoka ofisini. Nilipangiwa shule moja Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege, ambako ndipo ninapofundisha mpaka sasa.

Siku ya kuondoka mjukuu alinisindikiza barabarani, amebeba begi langu kichwani. Tulisimama kwenye vumbi tukisubiri basi la Kahama. Alikuwa hajazungumza nami vizuri tangu siku ya ndoo.

"Madam," alisema, "mimi niliandika wewe."

"Najua. Kalamu ya zambarau."

Akalitua begi chini. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye vumbi. "Nilijua wote wataandika bibi. Nikasema angalau moja isiwe ya bibi. Nisamehe, madam."

"Nimeshakusamehe. Nilikusamehe siku ileile."

"Lakini nilifurahi," akasema, na kweli uso wake ulikuwa unafurahi huku unalia. "Uliposoma matokeo nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilidhani wanamchukia bibi. Kumbe hakuna aliyemwandika. Kumbe wote waliandika wewe kama mimi."

Basi lilikuwa limeshaonekana, vumbi lake limetangulia. Nimefundisha watoto wengi kutofautisha anachokijua msomaji na anachokijua mhusika. Ni swali la alama nne. Nikimwambia ukweli, atarudi darasani kukaa katikati ya watu arobaini na watatu kwa miaka miwili.

"Hawamchukii," nikasema.

Utingo akachukua begi, nikapanda.

Bibi yupo, ana ng'ombe watano sasa. Kijiji hakijapigisha kura nyingine, kwa sababu mwenye fisi alishajulikana na akahamishiwa Ibadakuli. Mwezi uliopita mjukuu alinipigia simu. Amepata nafasi ya chuo, uuguzi, na wenzake waliosoma naye walikwenda nyumbani kumuaga. Alikuwa na furaha, alikuwa anaongea haraka.

"Walikuja kumi na mmoja, madam! Wote wa darasa letu. Bibi akawatolea mtindi, kibuyu kizima."

Ndege ilikuwa inatua, nikasubiri kelele zipite.

"Walikunywa?" nikauliza.

"Walisema wameshiba. Walikula njiani."

"Wote?"

"Wote, madam. Tumeumaliza mimi na bibi."

Nikamwambia wamefanya vizuri kuumaliza, maana mtindi ukilala unachacha.